Saini Iliyobaki

Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Chai ikiwa moto naimimina kwenye kisahani, foleni ikiwa ndefu naiacha, na simu isipopokewa mara ya kwanza napiga tena hapo hapo. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni mwaka gani ulionizeesha, sitaji mwaka wa msiba wala wa maradhi. Nataja mwaka nilionunua nyumba.

Tulikuwa tukikaa Ganjoni, mimi na mama, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Mwenye jengo akaliuza, na aliyelinunua akatupa barua ya miezi sita tuhame. Miezi sita si haba kwa mtu mwenye magoti mazima. Ya mama yalikuwa yamekwisha. Kushuka ngazi zile kulimchukua nusu saa, na kupanda tusiseme. Alikuwa hajatoka nje tangu Idi. Nikajiapia kwamba tutakapohamia patakuwa chini, pana choo cha chini, na patakuwa petu, ili asije mtu mwingine akatuletea barua.

Akiba nilikuwa nayo. Nafanya kazi ya nyaraka za mizigo katika ofisi moja huko Mbaraki. Mzigo ukifika bandarini, mimi ndiye ninayesoma karatasi zake mstari kwa mstari kabla hazijaenda forodhani. Nikikosea uzito wa kontena moja, mwenye mali ananililia wiki nzima. Kwa maisha hayo ya kubana macho juu ya karatasi za watu niliweka kidogo kidogo, nikafika mahali pa kusema nami nanunua.

Nyumba ilipatikana haraka, na hilo ndilo lililonidanganya. Mama ana rafiki yake wa tangu utotoni, walisoma chuo cha Kurani pamoja, mjane anayekaa Mji wa Kale. Wanawe walikuwa wanataka kumchukua akakae nao Malindi, nyumba iuzwe. Nilipoingia nilitazama mambo mawili tu. Chini palikuwa na chumba kikubwa chenye dirisha linalotazama uchochoroni, ambapo mama angeweza kukaa kitandani na kusalimiana na kila apitaye. Na choo kilikuwa hatua nne kutoka hapo. Nilizihesabu. Kisha nikauliza habari ya ardhi, maana Mombasa mtu anaweza kukuuzia nyumba bila ardhi, kuta zikawa zako na kiwanja ukamlipia mwingine kodi maisha yako yote. Nikaambiwa vyote ni vyao, hati ipo kabatini.

Basi tukakaa sebuleni, mjane, mwanawe mkubwa, mama na mimi. Mama alikuwa ameshushwa kutoka Ganjoni juu ya kiti cha plastiki, akitukanana na wabebaji njia nzima. Kahawa ikaja, halua ikaja, bei ikatajwa, mama akaivuta chini, mjane akaipandisha, wakacheka kama wasichana. Tulipokubaliana tukainua mikono, tukasoma fatiha. Mama alilia. Kwa watu wetu hapo mambo yamekwisha. Aliyesoma nawe fatiha humwambii akuonyeshe karatasi, maana ni kama kumwambia mbele ya watu kuwa humwamini.

Mwanawe yule mjane akasema, "Tutumie wakili mmoja, sisi sote watu wa nyumba moja." Aliyemtaja alikuwa mtoto wa khalati yangu mwenyewe, dada wa mama. Ndiye aliyekuwa akiwafanyia mambo yao, na angenifanyia na mimi, pande zote mbili kwa mkono mmoja.

Nilimwendea kesho yake. Aliniagizia soda, akaniuliza hali ya mama, akapokea simu nne. Aliniambia kila kitu kitakuwa tayari kwa wiki mbili, na mimi kwa pupa yangu nilitaka kumbusu kichwani. Nilipokuwa nasimama nikamuuliza hati ina jina la nani.

"La familia," akasema. "We dada usijali, hawa ni watu wetu."

Neno hilo liliniwasha njia yote mpaka nyumbani. Katika kazi yangu hakuna mzigo wa familia. Kuna jina la mtu na anwani yake, na visipokuwapo kontena halitoki. Ningesikia neno kama lile kutoka kwa mteja ningemrudishia karatasi zake kabla hajakaa. Lakini huyu nilikuwa nimempakata alipokuwa mdogo, na kumwambia sikutaki ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Sikumwambia. Nikaanza kutafuta mwingine kimyakimya.

Wa pili alikuwa na ofisi ya vioo iliyojaa baridi ya mashine. Nilingoja saa moja na nusu, nikaondoka, sijui hata sura yake. Wa tatu alitajwa na mwenzangu kazini. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, hapo hapo Mbaraki. Mwanamke wa makamo, Mkristo, baba yake alikuja kutoka bara kufanya kazi reli, yeye akazaliwa hapa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha yule binamu yangu. Hakunipa soda. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeshatoa pesa yoyote?"

"Bado," nikasema. "Lakini tumesoma fatiha."

Nilimtazama kama atatabasamu. Hakutabasamu. Aliandika kwenye daftari lake kwamba fatiha imesomwa, akaandika na majina ya waliokuwapo. Nilimpenda papo hapo, nikaja kujuta kwa miezi mitano.

Masharti yake aliyasema siku ile ile. Atanifanyia kazi mimi peke yangu. Pesa hazitapita mkononi mwa mtu, zitapita kwake na kwa maandishi. Simu hapokei kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu asubuhi anasoma. Na ikiwa nina haraka, akasema, mawakili wa haraka wako wengi na hatachukia nikienda kwao.

Nilipowapelekea wenye nyumba habari kwamba nina wakili wangu, kahawa haikuja. Mjane alimuuliza mama kwa simu tumemwona na kosa gani. Mama alininyima uso wiki nzima. Ananijibu salamu, anakula, lakini uso hauko. Nami nilikuwa nikienda kazini nikipitia njia ndefu, kwa sababu kukaa kulinishinda. Natoka, narudi, nafungua dirisha, nafunga. Saa tisa na dakika hamsini na tisa nilikuwa nimeshika simu.

"Bado naingoja karatasi ya msajili wa ardhi," wakili alinijibu.

"Bado tu?"

"Bado tu. Nenda ukanywe maji."

Karatasi ilipotoka aliniita, akaniwekea rula chini ya mstari. Hati ilikuwa na jina la baba mkwe wa mjane, mtu aliyekufa mimi sijaanza kazi. Nyumba haikuwahi kuhamishwa kwenda kwa yeyote. Mirathi haikugawanywa. Na marehemu yule, kwa alivyopekua wakili, alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni mume wa mjane, ambaye naye ni marehemu, na fungu lake limekwenda kwa mjane na wanawe. Wa pili alikuwa mtoto wa kike.

"Huyu yuko wapi?" wakili akauliza.

Sikujua hata kama yupo. Nilirudi nikamuuliza mama. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuuacha, "Yuko hapo nyuma ya shule. Akaa na mjukuuwe."

Nyuma ya shule. Hapo hapo Ganjoni, dakika tano kwa miguu. Alikuwa wifi yake mjane, dada wa mumewe, na mama alikuwa akijua tangu siku ya kwanza, na mjane alijua, na mwanawe alijua. Hakuna aliyeficha. Hawakumtaja tu, kwa sababu kwao hakuwa wa kutajwa. Mwanamke ameolewa, ana kwake, nyumba ya baba huwaachia ndugu zake wanaume, na akiidai ataonekana mroho. Nilikasirika, lakini si kwa ajili yake. Nilikasirika kwa sababu mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha na huyu bibi alikuwa amekaa katikati ya njia yangu.

Wakili alisema mambo mawili kwa sauti ile ile. La kwanza, bila yule bibi hakuna mauzo. Wakihamisha kwa hila leo, yeye au watoto wake watakuja kesho na haki yao, na watakayemkuta mlangoni ni mimi. La pili, nisimwendee. "Awe na wakili wake, asomewe, aulizwe. Wewe ni mnunuzi. Usikanyage pale."

Siku tatu baadaye mwanawe mjane alinikuta nje ya kazi na bahasha. Ndani yake ilikuwa karatasi moja iliyoandikwa na yule binamu yangu, ya bibi kuachia haki yake. "Wewe ndiye jirani yake," akaniambia. "Atakuona binti mwenye adabu. Atie saini, tumalize, mama yako apate kukaa chini." Alijua pa kunishika.

Nilikaa na bahasha ile siku moja. Siwezi kusema nilipigana nayo. Nilikuwa nimeshaamua nilipoipokea, nilikuwa nangoja tu ifike Jumamosi.

Yule bibi alinikaribisha ndani bila kuniuliza mimi ni nani. Chumba kilikuwa safi, kina kitanda na jiko la gesi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, akawa ananitazama kidogo kando ya nilipo. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia mama.

"Ah. Hajambo? Magoti yake?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Magoti ndiyo hayo."

"Haya. Waniletea n'ni mwanangu?"

Nikamwambia ni karatasi ya ile nyumba ya kwao, inataka saini yake, kidogo tu, hapa chini. Nilisema kidogo tu. Nikaitandaza juu ya sinia, nikamtia kalamu mkononi, nikamwongoza kidole mpaka kwenye mstari. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akaiacha kalamu pale pale ilipo.

"Nisomee," akasema.

Nikaanza kusoma. Jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya kiwanja. Mbele niliuona mstari wa katikati na nikajua nitauruka. Nilikuwa nimeshaupima kwa macho, ningepita juu yake na asingejua. Akasema, "Yote, mwanangu. Mimi sioni."

Nikasoma yote. Karatasi ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake na akili yake timamu, anathibitisha amekwisha pokea haki yake yote katika nyumba hiyo wala hana dai lolote.

"Nilipokea lini?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli, kana kwamba huenda kweli alipokea akasahau, na mimi nilitoka ofisini nina tarehe. Mstari ule niliujua. Niliwahi kuutia saini.

Baba alipokufa, baada ya arobaini, kaka zangu wawili walikuja na karatasi. Ililetwa sebuleni juu ya sinia, nikapewa kalamu, nikaambiwa ni ya kurahisisha mambo ya nyumba ya baba. Mimi ninayesoma karatasi za watu siku nzima sikuisoma ile. Nilitia saini haraka ili wasinione naiangalia. Kuisoma mbele yao ingekuwa kuwaambia ni wezi, na wao walikuwa bado wana macho mekundu ya msiba. Nilikuja kuiona nakala yake mwaka mmoja baadaye, kwenye droo, nilipokuwa natafuta cheti cha mama cha hospitali. Amekwisha pokea haki yake yote. Wake za kaka zangu hawakuwa wakiweza kukaa na mama, ndipo nikamchukua, ndipo tukapanga Ganjoni ghorofa ya tatu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia yameshapita, na kila nikipita mbele ya nyumba ile navuka barabara.

Nikaichukua kalamu mkononi mwa yule bibi. Nikamwambia, "Hukupokea, bibi. Usitie saini."

"Basi wewe umekuja kufanya n'ni?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ndiye mnunuzi na nilikuja kumharakisha. Akaniambia niende pale penye jiko, kuna maji ya kunywa kwenye mtungi, na nimletee na yeye. Tulikunywa maji. Niliona haya. Usiku ule nilimsomea mama karatasi yote.

Jumatatu nilipanda ngazi za wakili kabla ya saa kumi na nikamwekea bahasha mezani. Aliisoma yote, akanisikiliza, akaitia kwenye faili.

"Angetia saini ningejitoa," akasema. "Na ningekwambia kwa barua."

"Najua."

"Hukujua. Ungejua usingekwenda."

Nilistahili, na bado niliudhika. Nilishuka ngazi nikimsema peke yangu mpaka kituo cha tuktuk.

Yaliyofuata yalikuwa kungoja tu, na kungoja ndiko kunakonimaliza. Yule bibi alipata wakili wake. Wenye nyumba walisema hawauzi tena, kisha wakasema watamuuzia mwingine, kisha wakaja kugundua kwamba mwingine yeyote atakayekuja na wakili wake mwenyewe atakwama kwenye jina lile lile. Mjane aliacha kumpigia mama simu. Mama aliniambia wazi kwamba nimemtia aibu uzeeni, kwamba alikuwa na rafiki mmoja na sasa hana. Miezi sita ilikwisha. Wakili aliandika barua kwa mwenye jengo mpya, fupi na ya adabu, akatupatia miezi miwili zaidi. Nilifungasha vyombo, nikavifungua kwa sababu tulihitaji sufuria, nikavifungasha tena. Nilifikiria kumrudia binamu yangu. Siku moja nilifika mpaka mlangoni kwake, nikanunua muhogo wa kukaanga kwa mwanamke aliyekuwa anauza pale chini, nikarudi.

Mwishowe mjane mwenyewe ndiye aliyechoka. Walikwenda Mahakama ya Kadhi, mirathi ikagawanywa kama inavyogawanywa, na theluthi ya nyumba ikaandikwa kwa yule bibi. Bei ilibaki ile ile ya siku ya fatiha. Fungu lake lingekatwa humo na kwenda kwake moja kwa moja, na wakili wangu akaandika hivyo kwa herufi ambazo hata mimi sikupata pa kuuliza.

Siku ya kutia saini wakili alikubali kutufuata Mji wa Kale, maana wazee watatu hawangeweza ngazi zake. Tulikaa chumba cha chini, kile chenye dirisha. Yule bibi alikuja na mjukuu wake na wakili wake. Alipoingia alipapasa ukuta wa kulia wa mlango, akasema palikuwa na shubaka pale la kuwekea taa, na mjane akasema ndiyo, tuliliziba. Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana. Mjane alimmiminia kahawa bila kumtazama, lakini alimmiminia.

Wakili alisoma karatasi zote kwa sauti. Alikuwa akifika mwisho wa kila mstari anamuuliza yule bibi, "Umesikia?" na yule bibi anasema nimesikia. Mara mbili alisema hakusikia, na mstari ukarudiwa. Mwanawe mjane alikuwa akitazama saa. Nami kwa kawaida ningekuwa nimeshasimama, nimeshakwenda uani, nimeshakagua bomba. Nilikaa. Niliposhika kalamu kutia saini yangu niliona mama ananitazama mkono.

Tulipomaliza, karatasi zikakusanywa, mjane akasema alhamdulillahi. Nyumba ilikuwa yetu. Nilitaka mama aseme neno, lolote, hata la kulalamika kuhusu rangi ya ukuta. Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimemkasirikia miaka kadhaa juu ya ile sinia ya kaka zangu bila kumwambia, na siku ile ndani ya chumba chake kipya nilikuwa bado nimemkasirikia.

"Mwanangu," mama akamwita wakili. "Nna suala."

"Uliza, mama."

"Mtu akitia saini karatasi kama ile waliyompelekea bibi huyu, ya kuwa kapokea, na hakupokea, wala hakuisoma. Yawa n'ni?"

Wakili aliacha kufunga mkoba wake. "Inategemea. Alikuwapo shahidi?"

"Alikuwapo."

"Shahidi huyo yu hai?"

"Ni mimi," mama akasema. "Mimi ndiye nilotia dole. Nilimwambia tia tu, hao ni nduguzo. Sikumwambia soma." Akanigusa goti kwa mkono wake uliokuwa na joto la kahawa, bila kugeuka. "Aliyetia ni huyu. Naye ni mwanangu kama wao."

Nilitaka kusema yameshapita, mama. Nikaushika ule mkono pale gotini. Wakili hakunitazama. Alikaa tena, akafungua daftari lake ukurasa mpya, akamuuliza mama nyumba hiyo ya baba iko mtaa gani.